Nondo wa Marejea

Mvua zinapoanza kupungua katika nchi ya Lualaba, majani ya kando ya njia huwa marefu hata kufika magotini. Mtu akipita kwa miguu nje kidogo ya Kolwezi, ghafula kijidudu cheupe huruka mbele yake. Huenda hatua tano au sita kwa haraka, kisha hujitupa juu ya bua la jani, na hakionekani tena. Watoto wengi husema, “Ni kipepeo tu,” nao huenda zao.

Lakini si kipepeo, ni nondo. Tena jina lake limeandikwa vitabuni tangu zaidi ya miaka 260, na watu wa mataifa mengi wamebishana juu yake: ni yeye au si yeye? Anakaa nchi gani, na nchi gani hakai? Mwanafunzi wa Kolwezi mwenye macho mazuri na subira kidogo aweza kumtambua mwenyewe, bila kuuliza mtu.

Kwanza yafaa kujua tofauti ya nondo na kipepeo. Watu wengi husema kwamba kipepeo huruka mchana na nondo huruka usiku. Jambo hilo ni kweli kwa wengi wao, lakini si alama ya kutegemea, maana huyu wetu huruka usiku na mchana pia, hasa akishtuliwa na miguu ya watu au ya mbuzi. Alama iliyo bora ni vile vipapasio viwili vilivyo kichwani. Vipapasio vya kipepeo vina kifundo mwishoni, mfano wa kijiti cha kiberiti. Vya nondo huyu ni vyembamba kama uzi toka mwanzo hata mwisho. Tena kipepeo akipumzika, mara nyingi husimamisha mabawa yake juu ya mgongo kama mikono iliyokutanishwa. Nondo huyu huyakunja na kuyalaza juu ya mwili, hata akaonekana mwembamba kama kipande cha kijiti cheupe.

Sasa atazamwe kwa karibu. Ukimfunika polepole kwa gilasi, hataumia, nawe utapata nafasi ya kumwangalia vizuri. Mabawa yakitandazwa, toka ncha moja hata ya pili ni milimita 30 hadi 40, yaani kama upana wa vidole viwili vya mtu mzima. Mabawa ya mbele ni meupe kama maziwa, na kwa wengine yana umanjano kidogo. Juu yake vimetawanyika vidoa vyeusi, vingine vidogo kama ncha ya sindano, na katikati ya vidoa hivyo yamo madoa mekundu kama damu. Kwa mbali rangi hizo huchanganyika, na mdudu huonekana mweupe tu. Ndiyo sababu watu wengi wamemwona mara mia wala hawajui kwamba ana nakshi.

Mabawa ya nyuma hufichwa anapopumzika. Ni meupe, yana alama nyeusi katikati, na pembeni yana ukingo mweusi usionyoka, kama kitambaa kilichoungua upande mmoja. Kichwa na mabega vina umanjano na vidoa vyeusi. Tumbo ni jeupe.

Mwanafunzi asihesabu madoa akadhani amepata alama. Nondo wawili wa kiwavi cha mama mmoja hutofautiana: mmoja ana madoa mekundu makubwa yanayokaribia kugusana, na mwenzake ana madogo yaliyofifia. Yafaa kutazama mpangilio wote pamoja, yaani weupe, wekundu ulio kati ya weusi, na ule ukingo wa bawa la nyuma. Mwenye alama moja tu amebahatisha.

Yuko nondo mwingine wa kuchanganya watu, naye hukaa mahali pale pale na kula chakula kile kile. Jina lake la kitaalamu ni Argina amanda. Huyu ni mkubwa zaidi, na mabawa yake si meupe bali yana rangi ya chungwa, na madoa yake ni meusi. Akikaa karibu na mwenzake, hata mtoto mdogo hawezi kukosea. Lakini akiruka peke yake katika jua kali, mtu huona rangi inapita tu, akasema lolote.

Jina la yule mweupe ni Utetheisa pulchella. Neno la pili ni la Kilatini, maana yake ni “kazuri kadogo”. Aliyempa neno hilo ni Linnaeus, mtaalamu wa Uswidi, katika kitabu chake cha mwaka 1758 alichokusudia kuorodhesha wanyama wote wa dunia waliojulikana. Linnaeus alimweka pamoja na nondo wadogo sana wanaokula nguo na nafaka, bila shaka kwa sababu ya namna anavyokunja mabawa yake kwa wembamba. Baadaye wataalamu waliona kwamba hana ujamaa na hao. Mwaka 1819 Mjerumani Hübner akamtenga na kuweka jina la kwanza, Utetheisa. Neno la Linnaeus halikufutwa, maana desturi ya wataalamu ni kwamba jina lililotangulia huheshimiwa.

Mtu akitaka kumpata nondo huyu asihangaike kumfukuza. Atafute mmea wake. Katika nchi yote ya miombo kuna mimea yenye maua ya manjano yaliyofanana na ya kunde au mbaazi, na maganda yaliyovimba kama vifuko vya hewa. Maganda yakikauka, mbegu hulegea ndani, na upepo ukipita mmea wote hulia kama kayamba. Watu wa Tanzania huuita marejea. Wataalamu huuita Crotalaria, kutoka neno la Kiyunani la chombo cha kuchezea ngoma, kwa kuwa na wao waliusikia ukilia. Marejea si mmea mmoja. Duniani ziko aina karibu 700, na zaidi ya 500 ni za Afrika.

Jike hutaga mayai juu ya majani ya mmea huo. Viwavi wanaotoka ni weusi au wa rangi ya majivu yenye weusi. Wana nywele zilizosimama kwa mafungu, mistari meupe kwa urefu wa mwili, na kila pingili ina mkanda wa rangi ya chungwa. Mwanzoni hula majani. Wakikua hutoboa maganda na kula mbegu changa, maana mbegu ndiyo yenye nguvu nyingi. Ukiona ganda la marejea lina tundu la mviringo, lipasue polepole, huenda mwenyewe yumo ndani. Mwisho kiwavi hushuka, hujifunga uzi hafifu katikati ya majani makavu, hugeuka kuwa bundo, na bundo hutoa nondo.

Kwa mkulima wa marejea, basi, huyu si rafiki. Nao wakulima wapo, kwa maana mizizi ya marejea ina vivimbe vyenye vijidudu vinavyochukua hewa ya naitrojeni na kuifanya mbolea. Watawa Wabenedikto wa Peramiho, karibu na Songea katika Tanzania, waliwahimiza wakulima miaka mingi kupanda marejea ili kuurudishia nguvu udongo uliochoka. Kwa jambo hilo marejea yana faida kubwa kuliko mbolea ya dukani, ambayo maskini hawezi kuinunua. Nondo wetu akiingia shambani kwa wingi wakati wa kuzaa maganda, mwenye shamba hukosa mbegu za mwaka unaofuata.

Lakini kwa nini mdudu mdogo namna hii, asiye na mwiba wala meno ya kuuma, avae rangi za kuonekana na kuruka mchana mbele ya ndege?

Sababu imo katika mmea. Aina nyingi za marejea zina sumu, hasa katika mbegu. Ng'ombe au farasi akila marejea mabaya siku nyingi, ini lake huharibika, naye hukonda na kufa. Kiwavi huyu halemewi na sumu hiyo. Huila, huiweka mwilini mwake, na bundo likigeuka nondo, sumu bado imo. Rangi nyeupe, nyekundu na nyeusi ni kama ubao ulioandikwa: Usile. Ndege aliyemwonja mmoja akaona uchungu hamsahau upesi.

Huko Marekani yuko binamu wa nondo huyu, mwenye rangi ya chungwa na waridi, aitwaye Utetheisa ornatrix, naye pia hula marejea. Mtaalamu Thomas Eisner wa Chuo Kikuu cha Cornell pamoja na wenzake walimchunguza miaka mingi. Walimtupa nondo katika utando wa buibui mkubwa. Buibui alikuja mbio, akamgusa, kisha akaanza kukata nyuzi moja moja mpaka nondo akaanguka huru na kwenda zake bila jeraha. Ndipo wakafuga viwavi wengine kwa chakula kilichotengenezwa kwa maharagwe, bila marejea hata kidogo. Nondo waliotoka walikuwa na rangi zile zile, lakini walipotupwa katika utando, buibui aliwala. Kwa hiyo ikajulikana kwamba ulinzi wao hautoki katika damu ya ukoo wao bali katika chakula. Waligundua pia kwamba dume humpa jike sehemu ya sumu yake wanapopandana, naye jike huongeza ya kwake na kuitia katika mayai. Hivyo yai lenyewe, kabla halijaanguliwa, limekwisha kupewa silaha na baba na mama. Labda hakuna jambo la ajabu kuliko hili katika habari yote ya nondo.

Hapa watoto wa Katanga wanapaswa kuangalia sana. Katika nchi hii viwavi ni chakula kizuri, na vinkubala vilivyokaushwa huuzwa sokoni na kupendwa na wakubwa na wadogo. Viwavi hao hukusanywa katika miti ya miombo na wazee wanaowajua kwa jina. Kiwavi wa marejea hamo katika hesabu hiyo. Asikusanywe, asichanganywe na wengine, wala asipewe kuku. Kumshika si hatari, ila mikono ioshwe baadaye.

Basi nondo huyu anakaa wapi? Karibu Afrika yote anapatikana, toka nchi za kaskazini hata Afrika ya Kusini, na katikati yake Kongo, Zambia, Tanzania, Kenya na Uganda. Hupatikana tena katika Ulaya ya kusini, Uarabuni, na kuendelea hata India. Nchi hizo hazifanani hata kidogo. Nyingine ni jangwa, nyingine ni misitu na mashamba. Anawezaje kukaa kote? Kwanza, hachagui marejea peke yake. Hula pia mimea ya jamaa nyingine yenye sumu za namna hiyo, hasa ile midogo yenye maua yaliyojikunja kama mkia wa kinyonga, ambayo wataalamu huiita Heliotropium. Pili, ni msafiri. Mabawa yake ni madogo, lakini upepo humbeba mbali sana. Miaka mingine huvuka bahari toka kusini na kufika Uingereza, na wenyeji hufurahi kumwona kama mgeni wa nadra. Huko hadumu, kwa sababu baridi ya kipupwe chao humuua.

Zamani ramani yake ilikuwa kubwa kuliko hiyo. Vitabu vingi vilisema kwamba Utetheisa pulchella anakaa toka Afrika magharibi hata Australia. Watu walimwona nondo mweupe mwenye madoa mekundu na meusi huko Australia, wakafungua kitabu, wakaona picha, wakasema, “Ndiye.” Wala haikuwa hivyo. Wako wengine wawili wanaomfanana kama pacha. Mmoja aliandikwa katika karne ya 18 na Cramer, mfanyabiashara wa Amsterdam aliyependa vipepeo, na jina lake ni Utetheisa lotrix. Wa pili alitengwa na Mwingereza Hampson mwaka 1907, akaitwa pulchelloides, yaani “anayefanana na pulchella”. Hao watatu kwa macho matupu huweza kumdanganya hata fundi. Ili kuwa na hakika, wataalamu huchunguza kwa darubini viungo vidogo vilivyo mwishoni mwa tumbo la dume, maana kila aina ina umbo lake lisilofanana na la mwingine. Walipofanya hivyo kwa nondo waliohifadhiwa makabatini miaka mingi, ramani ilibadilika. Yule wa Linnaeus alibaki na Afrika, Ulaya ya kusini na Asia ya magharibi na kusini. Australia ikawa ya wale wengine wawili.

Angalia hapa: hakuna nondo hata mmoja aliyehama. Watu ndio waliokuwa wameandika jina lisilo lake. Nao waliweza kurekebisha kosa kwa sababu moja tu, kwamba nondo wa kale walikuwa na vikaratasi vilivyosema walikamatwa wapi na lini. Wasiokuwa na karatasi, hata wangekuwa wazuri namna gani, hawakuwa na la kueleza.

Jambo hili lina uzito wa pekee katika Lualaba. Toka Kolwezi kupita Tenke na Fungurume hata Likasi na Lubumbashi kuna vilima ambavyo ndani yake mna shaba na kobalti. Mgeni huvitambua kwa mbali, maana msitu wa miombo huishia miguuni mwake, na juu ni majani na maua tu, bila miti mikubwa. Madini yale ni sumu kwa miti. Lakini imo mimea iliyozoea udongo huo, na mingine haikai mahali pengine po pote duniani. Mmoja wao ni marejea ya maua ya manjano, ambayo Duvigneaud wa Chuo Kikuu cha Brussels na mwenzake Plancke waliyapa jina mwaka 1959, Crotalaria cobalticola, maana yake “marejea yakaayo penye kobalti”. Watafutaji wa madini waliyaona mapema kuwa ni dalili: yakiota kwa wingi, kobalti i karibu.

Dalili hiyo ndiyo hatari yake. Kobalti hutiwa katika betri za simu na za motokaa, na zaidi ya nusu ya kobalti inayochimbwa duniani kila mwaka hutoka Kongo, sehemu kubwa katika nchi hii ya Lualaba. Kilima kinachochimbwa hakirudi kuwa kilima. Katika Kolwezi kuna shimo linaloitwa KOV, kubwa hata malori makubwa ya mgodi yakiwa chini huonekana kama vitu vya kuchezea watoto. Nondo mweupe ataruka aende kwenye marejea ya kando ya barabara, au avuke mto Lualaba, au afike Zambia. Marejea ya kobalti hayana mabawa. Huko Fungurume baadhi ya mimea ya vilima imehamishwa na kupandwa mahali pengine kwa juhudi nyingi, na kazi hiyo ni nzuri, ila ni ngumu, kwa sababu udongo wa namna ile haupatikani po pote.

Kwa hiyo habari ya viumbe wa vilima hivi ni kuandikwa mapema, nao wa kuandika si lazima awe mtaalamu. Katika karne iliyopita aliishi Elisabethville, mji uitwao Lubumbashi tangu 1966, Mbelgiji jina lake Seydel, ambaye alikusanya vipepeo na nondo wa Katanga kwa miaka mingi, hata wadudu kadhaa wakaitwa seydeli kwa heshima yake. Huko Ubelgiji, katika nyumba ya makumbusho ya Tervuren, yamo makabati yaliyojaa wadudu wa Kongo, na chini ya kila sindano mna kikaratasi.

Mwanafunzi hana haja ya sindano wala kabati. Akimkuta nondo, amtazame, amchore na kumwacha aende. Kisha aandike katika daftari mambo haya: mahali hasa, tarehe na mwaka, saa, hali ya hewa, na mmea aliokuwa juu yake. Mathalani: “Kolwezi, Dilala, kando ya shamba la mihogo. Tarehe 14 mwezi wa nne, saa tatu asubuhi, jua. Juu ya marejea ya maua ya manjano; maganda matatu yana matundu.” Mwaka usisahauliwe, maana tarehe bila mwaka haisemi kitu. Neno “Kolwezi” peke yake pia halitoshi, kwa sababu mji ni mkubwa, na kilima cha mwaka ule huenda leo ni shimo. Akiona mmea asioujua, akaushe jani na ua kati ya kurasa za gazeti la zamani na kulibana kwa mawe siku saba. Na yote yaandikwe kwa kalamu ya risasi, kwa kuwa wino ukipata unyevu wa masika hutoka, na karatasi hubaki nyeupe.